Kanga Iliyosomeka Kinyumenyume: Uzoefu Wangu na Studio ya Picha London

Kikundi chetu cha taarabu kina watu tisa, wengi wao wazaliwa wa Unguja na Pemba, na Desemba iliyopita tulikodi studio moja ya mashariki mwa London ili tupate picha rasmi tukiwa katika mavazi ya kwetu. Tulilipa pauni 360 kwa saa tatu, bei ambayo sikuiona ghali, kwa kuwa msimu huo jua huzama kabla ya saa kumi alasiri na anayetoka kazini hana picha ya nje atakayoipata.

Kuhusu mwanga sina lawama. Uso mweusi juu ya kanzu nyeupe ni mtihani kwa kamera yoyote: ukipima mwanga kwa uso, kanzu hugeuka doa jeupe lisilo na mkunjo, na ukipima kwa kanzu, uso huzama gizani. Mpiga picha aliweka taa laini ubavuni, akaielekeza zaidi usoni ili kanzu ipate mwanga hafifu, kisha akaisogeza kidogo kidogo mpaka vitundu vya kofia ya viua ya mzee wetu anayepiga ganuni, ala ya nyuzi, vikahesabika. Kofia ile ilishonwa kwa mkono kwa miezi kadhaa, na hata wajukuu hawaruhusiwi kuigusa. Mzee alipoiona pichani alinyamaza kitambo, jambo ambalo sisi tunaomfahamu hatujalizoea.

Kasoro ilikuwa kwenye kanga. Waimbaji wanne walivaa sare ya doti zenye jina “Wema hauozi”, walilolichagua baada ya vikao ambavyo sitavisimulia hapa. Mpiga picha alitaka kila mtu amtazame, na kwa kuwa jina hukaa nyuma kanga inapovaliwa, picha za mwanzo hazikuonyesha hata herufi moja. Nilipomweleza, aliwageuza waimbaji wakampa mgongo na kutazama juu ya bega, na hizo ndizo zilizotoka vizuri kuliko zote. Wiki mbili baadaye zilipotufikia, nikakuta amezipindua kushoto kulia ili zipangike vyema kwenye albamu: maneno yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo, na mpiga udi aliyekaa kando yao amekuwa wa mkono wa kushoto. Kwa mpiga picha maandishi yale yalikuwa sehemu ya nakshi, wala sidhani kwamba alikuwa na dharau. Hakuna aliyemwambia kwamba kanga husomwa, na mimi niliyekuwa pale sikumwambia.

Alizirekebisha kwa siku mbili bila kudai malipo. Tutamrudia kabla ya Idi, ila nimekwisha kumwandikia kwamba asipindue picha yoyote, na kwamba nitakaa naye atakapokuwa akizichagua.