Wachanganyaji wa chakula cha kuku, nyuma ya Soko la Mbuyuni, Moshi: hapa methionini inapimwa

Wafugaji wa kuku wa mayai wa Moshi na vitongoji vyake, haya nawaandikia ninyi, hasa mnaonunua chakula kwa kusoma "protini 16%" kwenye kiroba na kuridhika. Nyuma ya Soko la Mbuyuni kuna banda la bati lenye mashine ya kusaga, mashine ya kuchanganyia, na magunia ya pumba yamepangwa mlangoni. Mimi nafuga Rau, na chakula cha kuku wangu kinatoka pale tangu mwaka juzi. Nawapa alama za juu kwa jambo moja ambalo sijalikuta kwingine mjini: wanachanganya kwa kuangalia asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, hawaishii kwenye kujumlisha protini.

Ukifika, mangi, mwenye banda, haanzi kwa kuuliza unataka kilo ngapi. Mkishasalimiana anauliza, "Mama, kuku wako wanakula gramu ngapi kwa siku?" Wengi wanaosimama pale hawana jibu. Yeye hawachoki: anawaambia wapime chakula cha asubuhi, kesho yake wapime kilichobaki kwenye vihori, watoe, kisha wagawe kwa idadi ya kuku. Kuna watu wananung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mimi naona swali hilo ndilo lenye thamani kuliko mashine zake zote.

Kuku haishi kwa asilimia, anaishi kwa miligramu. Jedwali la National Research Council la Marekani la mwaka 1994 linampangia kuku wa mayai ya kahawia, anayekula gramu 110 kwa siku, protini gramu 16.5, na mbili kati ya zile asidi amino: methionini miligramu 330 na laisini miligramu 760. Miongozo ya kampuni zinazozalisha mbegu za kuku za sasa inakwenda juu ya hapo, maana kuku wa leo anataga sana. Sasa piga hesabu. Miligramu 330 ndani ya gramu 110 ni asilimia 0.3. Ukija Januari na Februari, joto la Moshi mnalijua, kuku anahema mdomo wazi na chakula kinashuka hadi gramu 90. Asilimia ile ile 0.3 sasa inampa miligramu 270. Chakula ni kilekile, bei ni ileile, ila kuku kapungukiwa. Hapo mangi anaongeza kama gramu 70 za methionini kwenye kila kilo 100, na laisini anaipandisha sambamba. Juni na Julai, mawingu yakishaufunika mlima na kuku wanakula kwa nguvu, anapunguza. Kiroba kilichoshonwa tayari dukani hakiwezi kukufanyia hivyo.

Kwa ambao jambo hili ni geni: protini ni mkusanyiko wa asidi amino, na zipo ambazo kuku hawezi kujitengenezea, lazima azile. Yai moja la kawaida lina protini gramu 6 na ushee, na kila yai linadai mgawo wake wa kila asidi. Kwenye chakula cha mahindi na soya, inayoisha mapema ni methionini. Ikiisha, nyingine zote zinasimama, kama fundi cherehani mwenye kitambaa cha mashati kumi na vifungo vya mashati sita. Na protini iliyokosa kazi haiwekwi akiba. Mwili unaivunja, naitrojeni yake inatoka kwenye kinyesi kama asidi ya yuriki, kuku anakunywa maji zaidi, maranda yanalowa, na ukifungua banda alfajiri amonia inakuchoma macho. Umenunua protini, umeitupa na maranda.

Ile asilimia ya kwenye kiroba nayo inapatikana kwa kupima naitrojeni na kuizidisha mara 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi dagaa na manyoya ya kuku yaliyosagwa. Vyote vina naitrojeni nyingi, lakini manyoya ni maskini wa methionini na laisini. Ndiyo maana wawili wanaweza kununua chakula cha "protini 16%" na mmoja akaokota mayai, mwingine akaokota lawama za wateja.

Mchanganyiko wao wa kawaida kwa kilo 100 unakaribia huu: mahindi 50, pumba 12, mashudu ya alizeti 14, soya iliyokaangwa 9, dagaa 5, chokaa na mifupa 9, na kilo iliyobaki ni chumvi, primiksi (unga wa vitamini na madini) na asidi amino. Napenda jinsi alizeti na soya zinavyokaa pamoja humo. Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri ila laisini yake ni haba. Soya ni kinyume chake. Ukiegemea moja tu unabaki na pengo. Mashudu ya pamba hawayatumii kabisa kwa watagaji, kwa sababu yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, na yai likikaa kiini kinabadilika rangi. Hilo nawapongeza, maana mashudu ya pamba yakiwa ya bei nafuu kishawishi ni kikubwa.

Kwenye dagaa ndipo nilipowaamini. Dagaa wa Ziwa Victoria huanikwa mara nyingi juu ya mchanga, na mchanga huo unakuja nao hadi huku, tena mwingine huongezwa njiani na watu wasio na huruma. Pale mezani pana glasi ya maji. Mangi anachota kiganja cha dagaa waliosagwa, anatia, anakoroga, anaiacha itulie huku mnaongea mengine. Nyama inabaki juu au inaelea katikati ya maji, mchanga unakaa chini, mweusi, unauona kwa macho. Unene wa ule mchanga unakwambia unanunua nini. Kwenye mchanganyiko niliouandika hapo juu, dagaa wakiwa nusu yao ni mchanga, laisini inaweza kushuka chini ya zile miligramu 760 na methionini chini ya 330, hata kama kuku anakula gramu zake 110 zote. Gunia likiwa bovu analirudisha kwa aliyemletea, na wateja tuliopo tunaambiwa leo dagaa hakuna, asidi zitaongezwa za unga.

Unga wenyewe ni mweupe, na methionini ina harufu ya salfa, kama kabichi iliyochemka ikasahauliwa. Usipoisikia harufu hiyo, uliza. Kijana wa mizani anaipima kwenye mizani ndogo ya betri juu ya karatasi, kisha haimwagi moja kwa moja kwenye mashine. Anaichanganya kwanza na kilo mbili hivi za unga wa mahindi ndani ya beseni, kwa mikono, mpaka huoni jeupe lolote. Beseni hilo linaingia kwenye debe la mahindi, linapigwa tena, ndipo debe linakwenda kwenye mashine. Gramu 70 kwenye kilo 100 ni kitu kidogo mno. Ukiimwaga tu, kuku mmoja anapata ya wiki nzima na wenzake hawapati kitu. Nimesimama pale asubuhi yenye foleni ndefu na kijana hakuruka hatua hata moja.

Kabla ya kuongeza, mangi anasoma pakiti ya primiksi uliyokuja nayo. Primiksi nyingine zina vitamini na madini peke yake, nyingine zimetiwa methionini na laisini tayari. Anayoikuta humo anaitoa kwenye hesabu, usilipie mara mbili. Ukinunua primiksi popote, tafuta mistari hiyo miwili kwenye pakiti kabla hujatoa pesa.

Sasa kasoro, maana zipo. Soya wanaikaanga wenyewe kwenye pipa juu ya kuni, na moto wa kuni haulingani. Soya mbichi ina vizuizi vinavyomnyima kuku kumeng'enya protini, kwa hiyo lazima ipite motoni. Lakini ikiungua ikawa kahawia ya kukoza, laisini inafungwa na sukari na kuku hawezi kuitumia tena. Nimewahi kuonyeshwa soya ya rangi hiyo nikaikataa, wakanibadilishia bila maneno. Mteja asiyejua angeondoka nayo. Wanahitaji mkaangaji anayesimama pale pale, au mashine yenye kipimo cha joto. Pili, hawakupi karatasi ya mchanganyiko uliopewa. Kila kitu kiko kwenye daftari la mangi, na siku hayupo, kijana hawezi kukwambia mara iliyopita uliwekewa nini. Tatu, wanatumia magunia yaliyorudishwa na wafugaji wengine. Kwa ugonjwa kama mdondo hilo ni hatari ya wazi. Nenda na magunia yako, safi, na usikubali kubadilishiwa.

Kwa bei, wako juu kidogo ya wanaochanganya bila kupima. Methionini ya gunia zima hainifikii bei ya nusu trei ya mayai, kwa hiyo sioni pa kulalamika.

Bandani kwangu, kilichoonekana kwanza ni manyoya. Zamani walikuwa wanadonoana mgongoni na kwenye mkia, lakini kwa chakula hiki mikia ilianza kujaa tena. Manyoya yanataka sana methionini na asidi amino mwenzake, sistini, kwa hiyo sikushangaa. Ukubwa wa mayai ulifuata. Dada anayeuza chipsi mayai karibu na stendi, ambaye alikuwa ameanza kutenga madogo na kuyakatia bei, sasa anabeba trei bila kuchagua. Siwezi kuiwekea methionini sifa yote, kwa kuwa dagaa nao walikuwa bora kuliko niliokuwa nao, na kuku hukuza yai kadiri umri unavyokwenda. Lakini mabanda mawili ya rika moja, moja la kwangu na moja la jirani anayetumia kiroba, yako hatua chache tu, na tofauti inaonekana kwenye trei.

Mwenye kuku wachache wa kienyeji wanaozurura migombani asijisumbue kwenda. Mchwa, funza na majani vinawajazia mengi. Huduma hii ni ya mwenye kuku waliofungiwa, wasio na chanzo kingine zaidi ya kihori.

Wahi asubuhi, kwa sababu umeme ukikatika mchana mashine inasimama na foleni inahamia kesho. Chini ya kilo 50 hawawashi mashine. Sisi wa Rau wenye mabanda madogo tunaungana na kugawana kwa mizani. Usichukue zaidi ya chakula cha mwezi mmoja hata ukipewa punguzo, mafuta ya pumba na soya yanachacha. Na kabla hujatoka nyumbani, pima wanachokula kuku wako, maana utaulizwa.