LEAVE THE WORLD BEHIND: Wachambuzi Wameisifu, Watazamaji Wameiponda. Mimi Niko na Meli!

Wadau, habari za huko. Hiyo sauti mnayoisikia nyuma ni upepo wa Dodoma, dirisha halifungi vizuri, tuvumiliane. Leo ni Leave the World Behind, ile ya Julia Roberts na Mahershala Ali iliyotoka Netflix Desemba 2023. Stori mnaijua: familia imekodi nyumba ya kifahari Long Island, usiku mwenye nyumba anagonga mlango yuko na binti yake, mtandao hamna, simu hamna, dunia inaharibika. Twende.

Kinachonikera ni hiki. Ukiingia Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya muvi, wachambuzi kama robo tatu wameisifu. Watazamaji? Hata nusu hawafiki! Kisa mwisho. Eti haina mwisho, eti bando limeliwa bure. Jamaa mmoja anayeingizia watu muvi kwenye flashi kule Majengo ananiambia wateja wanamrudia wanadai faili limekatika, wanataka jero yao.

Sasa kabla ya huo mwisho, meli. Kipande chenyewe siweki, chaneli italambwa straiki, mwezi uliopita mlishuhudia. Shusha kamera mezani. Hiki kikombe ni familia, wamejilaza ufukweni. Hiki kiberiti ni meli ya mafuta, iko huku mwisho wa meza. Katoto kao, Rose, ndiko kanaiona kwanza. Wakubwa hawana habari. Nasogeza kidogo... mmeona? Baba kasinzia. Nasogeza tena. Hakuna bomu, hakuna mtu anayekimbia. Sam Esmail, mwongozaji, anakuacha ujiulize mwenyewe, "Hivi ile si inakuja huku?" Wewe unaanza kuhangaika wao bado wanaota jua. Wanakuja kukurupuka, chuma kimeshapanda mchanga, paah! Samahani kwa kikombe. Mimi mtu wa Dodoma, maji mengi niliyozoea ni ya bwawa la Mtera, lakini pale nilipandisha miguu kwenye kochi.

Halafu soma jina la hiyo meli: White Lion. Meli ya jina hilohilo ndiyo iliwafikisha Waafrika waliotekwa kule Virginia mwaka 1619. Jina limeandikwa tu pale, mwenye macho aone. Wale wanaosimulia muvi nzima kwa dakika kumi halafu wanaita uchambuzi, hili mlilipita!

Kipande kilichosambaa zaidi ni kile cha Tesla nyeupe, magari ya umeme, zinazojiendesha na kugongana zenyewe barabarani, mpaka Elon Musk akajibu kwamba magari yake yanaweza kuchajiwa kwa sola. Nzuri, sikatai. Meli inaifunika. Na Don't Look Up ya 2021, muvi nyingine ya Netflix ya dunia kuangamia, haina kipande hata kimoja cha kuigusa, nitukaneni kwenye komenti.

Makosa yapo. Kamera inapinduliwapinduliwa mpaka kichwa kinauma, na maongezi ya katikati yanavuta mno. Kampuni ya Barack na Michelle Obama ni kati ya walioitengeneza, na Barack mwenyewe alimpa Esmail maoni kwenye skripti. Mzee, si ungemwambia apunguze dakika ishirini?

Haya, mwisho. Ambaye hajaona, toka. Mnasema muvi haijajibu. Imejibu! G.H., yule mwenye nyumba, anataja hatua tatu: watu wakatiwe mawasiliano, wavurugwe akili, kisha wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Mnataka nini tena, risiti? Rose naye tangu mwanzo anahangaika, hajaona epizodi ya mwisho ya Friends, ile tamthilia ya vichekesho. Anaingia kwenye handaki la jirani, anakuta DVD, anabonyeza, giza, majina yanapanda. Yeye kapata mwisho wake, wewe umenyimwa wako. Kununa kwako kote Esmail alishakupangia, bwana!

Naanza kurekodi nilikuwa na saba kwa kumi. Natoa nane, hiyo moja ni ya meli. Jumamosi usiku tuko laivu na Bird Box, kila mtu aje na bando lake.