Kozi ya istilahi za mafuta na gesi: nenda moja kwa moja kwenye somo la tope

Kazi yangu ni ya bima, na ripoti za kila siku kutoka kwenye mitambo ya uchorongaji hupita mezani kwangu. Kwa hiyo kozi hii ya mtandaoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya sisi tusio wahandisi, nimeipima kwa swali moja: je, sasa naielewa ripoti? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nimependa kwamba maneno hayakupangwa kwa alfabeti. Unaanza na mwamba chanzo, ambamo mabaki ya viumbe hupikwa kwa joto la nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi hivi na kutoa mafuta. Joto likizidi hapo, gesi ndiyo hutawala. Kisha unayafuata yakipanda, maana ni mepesi kuliko maji, mpaka yanase kwenye mtego chini ya mwamba usiopitisha.

Vitundu vya mwamba na upenyezaji wake vimechanganywa katika dakika chache, na hapo wanafunzi wengi watapotea. Mwamba wa mfinyanzi unaweza kuwa na vitundu tele, lakini ni vidogo mno kiasi kwamba karibu hakuna kinachopita. Ndiyo maana huo huo hufaa kuwa kifuniko. Mfano huo mmoja tu ungetosha, nao haumo.

Somo la tope, yaani kimiminika kizito kinachozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga, ndilo lililonishika. Mchoro unaonyesha tope likisukumwa ndani ya bomba, likitokea kwenye biti (kichwa kinachokata mwamba), likipanda pembeni na vipande vya mwamba, likipita kwenye chekeche linalotikisika na kurudi matangini. Kisha linakuja jambo lenyewe: uzito wa tope ndio unaozuia shinikizo linalotoka kwenye miamba ya chini. Likiwa jepesi mno, gesi, mafuta au maji ya tabaka huingia kisimani, na hiyo ndiyo kiki. Likiwa zito mno, mwamba hupasuka, tope hupotelea humo, kina chake kisimani hushuka, na kiki inaweza kuja kwa njia hiyo pia.

Zoezi lake ni zuri sana. Pampu zimezimwa, lakini kisima bado kinatiririka na tangi linajaa. Unafanya nini? Ukichagua kusubiri, linakuonyesha gesi ikipanda na kutanuka hadi kiki inakuwa mlipuko wa kisima. Baada ya hapo wanaeleza mlipuko wa kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, 20 Aprili 2010: tope zito lilikuwa likiondolewa na kuwekwa maji ya bahari, jaribio la shinikizo likasomwa vibaya, na watu 11 wakafa. Nilisimamisha video hapo nikarudi kulisoma zoezi upya, kwa makini zaidi.

Nyota ya tano wameipoteza kwenye somo la mwisho. Wanasema "rasilimali" na "akiba" kana kwamba ni kitu kimoja. Akiba ni ile tu iliyokwisha kugunduliwa na inayoweza kutolewa kwa faida kwa mradi unaojulikana. Tofauti hiyo huweza kuwa mamilioni ya mapipa, kila pipa lita 159 hivi. Anayesoma matangazo ya ugunduzi akiikosa, atadanganyika kirahisi. Walirekebishe somo hilo kabla ya kuongeza jingine lolote.