Kliniki ya koo baada ya mionzi: hawa wanakagua njia nzima (nyota 4)

Naandika kwa wenye wagonjwa waliomaliza mionzi ya saratani ya mdomo au koo wakaona sasa basi. Mzee wetu alitibiwa ulimi, kidonda kikafunga, akaanza kugoma kliniki. Kule tulikokuwa tunampeleka mwanzo ni fungua mdomo, tochi, haya nenda. Hii ya sasa, ipo kwenye hospitali kubwa hapa Dar, aisee ni tofauti kabisa.

Dokta ni mdada mpole sana, kamwamkia mzee shikamoo, kavaa glovu akapapasa ulimi mpaka chini yake, mashavu kwa ndani, shingo kulia na kushoto, halafu kamera nyembamba ikapitishwa puani mpaka kwenye koromeo. Akatuambia sigara na pombe haziharibu ulimi peke yake, zinapita mdomo, koo, umio (bomba la chakula kwenda tumboni), na moshi unashuka mpaka kwenye mapafu, kwa hiyo inaweza kuota saratani nyingine mpya kabisa, siyo ile ya zamani imerudi wala kusambaa, na madaktari wanalijua hili tangu 1953. Mimi miaka yote sijawahi kuambiwa!

Kamuuliza chakula kinashukaje, mzee akasema ugali anausukumia na maji. Inaweza kuwa mate yamekauka tu sababu ya mionzi, dokta kasema, ila kwa mtu wa historia hii habahatishi, akaandika endoskopi, yaani kamera inashushwa mpaka ndani ya umio. Kwenye umio wanapuliza ayodini, penye uzima panageuka kahawia, na ya mzee kuna kipande kiligoma kushika rangi. Wakakata kinyama kwenda kupima, majibu saratani changa, bado iko juu juu. Siyo ile ya ulimi iliyosambaa, ni mpya. Tulilia jamani, lakini imekamatwa mapema na matibabu yameanza, ingesubiriwa mpaka maji yenyewe yakwame tungekuwa tunaongea mengine.

Nyota moja nimeikata kwa foleni, na majibu ya kinyama yanachelewa mno, mgonjwa anakaa na hofu wiki na wiki, hilo walirekebishe kwa kweli.

Nesi wa pale naye anakaa na wagonjwa kuongea nao kuhusu kuacha sigara, bila kufoka, mzee anamsikiliza kuliko sisi wanawe. Mkienda bebeni karatasi zote za matibabu ya mwanzo pamoja na ripoti ya kinyama, dokta anazisoma kweli, na fikeni asubuhi sana.