Tathmini ya darasa la Kifaransa la Jumamosi kwa watoto, Shangani, Mtwara

Kwa miezi miwili sasa nampeleka binti yangu wa miaka saba kwenye darasa la Kifaransa linaloendeshwa kila Jumamosi asubuhi barazani kwa mwalimu mmoja wa Shangani aliyesomea Bujumbura. Watoto hawazidi kumi na wawili, ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na awamu ya kwanza ina mambo mawili tu: kusalimiana na kueleza mtu anavyojisikia. Mwanzoni niliona ni machache mno kwa fedha hiyo, ingawa nilikuwa na sababu ya kumwandikisha. Ng'ambo ya bahari yetu wako Wakomoro, ambao Kifaransa ni mojawapo ya lugha zao rasmi, na hata gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, inachimbwa na Maurel & Prom, kampuni ya Ufaransa.

Salamu zimefundishwa vizuri kwa sababu mwalimu ameanzia pale mtoto alipo. Mtoto wa huku anajua tangu utotoni kwamba mkubwa huamkiwa kwa shikamoo, na mwenzake humtosha "mambo". Basi "salut" ikawa ya wenzake, "bonjour, madame" ya wakubwa, na katika kuulizana hali "tu" ya mwenzake ikatengwa na "vous" ya heshima. Mtoto mmoja hujitanda kanga akawa bibi, wengine huingia mmoja mmoja kumwamkia, na anayemwambia bibi "salut" hurudishwa mlangoni aanze upya. Binti yangu alirudishwa mara mbili siku ya kwanza, na tangu hapo hajakosea.

Katika hisia ndipo nilipojifunza hata mimi niliyekaa pembeni. Mfaransa husema "j'ai faim", "j'ai soif", "j'ai sommeil", yaani ana njaa, ana kiu, ana usingizi, sawasawa na tunavyosema sisi, kwa hiyo watoto waliyashika maneno hayo ndani ya Jumamosi moja. Ugumu ulianza kwenye furaha na huzuni, kwa kuwa sisi tunaendelea na "nina" ilhali Mfaransa hubadili na kusema "je suis content", "je suis triste". Watoto walipong'ang'ania "j'ai content", mwalimu hakuwagombeza. Alirudia sentensi sahihi kwa utulivu mpaka wakaizoea. Zaidi ya hapo, mvulana husema "content" na msichana "contente", tofauti ambayo Kiswahili hakina, na ili waisikie aliwageuza waelekee ukutani wakatambua kwa sikio tu, kwa ile t ya mwisho, kama aliyesema ni wa kike au wa kiume.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilitokea mwezi uliopita. Mvulana mmoja alikuja shavu limevimba kwa jino, na alipoulizwa "ça va?", yaani hali gani, akajibu "ça va bien", nzuri tu, kama wenzake wote. Ni desturi yetu: mtu husema "nzuri" kwanza, ndipo aeleze kwamba hakulala kwa homa. Mwalimu alisimamisha somo, akamwita karibu, akamfundisha kusema "ça ne va pas, j'ai mal aux dents", yaani hali si nzuri, naumwa meno, na darasa zima likairudia sentensi hiyo pamoja naye. Mtoto yule alitoka na maneno ya maumivu yake mwenyewe, na hilo peke yake naliona linafaa ada ya mwezi.

Upungufu upo. Karatasi za picha ni nakala zilizofifia, kiasi kwamba uso wa hasira na wa huzuni hautofautiani, na picha ya "j'ai froid", yaani nasikia baridi, inaonyesha mtoto katikati ya theluji, wakati upepo wa kipupwe ungeeleweka mara moja. Kubwa zaidi, sisi wazazi tusiojua Kifaransa hatuwezi kusahihisha matamshi nyumbani: "bonjour" hugeuka "bonjua", na u ya "salut" tunaitamka kama u yetu, ambayo siyo. Nilimwomba mwalimu aturekodie sauti, na wiki hii ametuma za kwanza kwa WhatsApp, fupi na zinazosikika vizuri. Mwezi wa tatu nimeshaulipia.