Programu ya Kukusindikiza Kimuziki: Ipi Ununue Kwanza?

Andika C, kisha Am7, Dm7 na G7, kordi moja kwa kila kipimo. Chagua mtindo wa bosa nova, weka mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, bonyeza kitufe cha kupiga. Inahesabiwa mara nne, besi inaingia, dramu zinafuata, piano inajaza katikati, nawe umeshika ala yako ukiwa na bendi nzima nyuma yako. Hiyo ndiyo kazi ya programu ya usindikizaji. Ziko nyingi, na wanunuzi wengi hukosea pale pale nilipokosea mimi: nilinunua ya kwanza kwa sababu ilijisifia maelfu ya mitindo, na baada ya mwaka mzima nilikuwa natumia mitindo kumi tu, huku kuingiza wimbo mmoja kukinichukua muda kuliko kuufanyia mazoezi.

Kwa hiyo usianze na wingi wa mitindo. Jiulize kwanza usindikizaji unauhitaji kwa ajili ya mazoezi, kupiga jukwaani, au kurekodi. Hapo ndipo mpangilio wangu wa programu hizi ulipoanzia.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo litakuokolea fedha. Programu hizi hutoa sauti kwa njia mbili. Ya kwanza ni MIDI, utaratibu uliopo tangu 1983. Faili ya MIDI haina sauti ndani yake, ina maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, iachie hapa. Sauti yenyewe inatengenezwa na kifaa au programu nyingine iliyomo kwenye kompyuta yako. Ndiyo maana faili ile ile inaweza kusikika kama mchezo wa watoto kwenye kompyuta moja na kama bendi ya kweli kwenye nyingine. Ukisikia piano ya bati, usikimbilie kununua programu mpya. Mara nyingi dawa ni kupakua benki nzuri ya sauti, yaani mkusanyiko wa sauti za ala, na ziko za bure. Njia ya pili ni rekodi halisi za wanamuziki, zilizokatwa vipande na kuunganishwa upya kufuata kordi zako. Hii husikika vizuri tangu mwanzo, lakini inakula nafasi kubwa ya diski, na rekodi ikivutwa mbali sana na mwendo iliyopigwa nao, sauti huanza kuchuja.

Nafasi ya kwanza naipa iReal Pro. Imetengenezwa na Massimo Biolcati, ambaye mwenyewe ni mpiga besi, na hilo linaonekana. Inafanya kazi kwenye iPhone, iPad, Mac na Android. Mwenye kompyuta ya Windows peke yake atatumia simu, na kwa kweli simu iliyowekwa kwenye stendi ya noti ndiyo mahali pake hasa. Unalipa mara moja, ingawa vifurushi vya mitindo ya ziada vinauzwa kando. Kurasa zake zina kordi tu bila melodia, na watumiaji wamekwisha kuandika na kugawana maelfu ya nyimbo, kwa hiyo mara nyingi huhitaji kuandika chochote.

Kinachoipa ushindi ni sehemu ya mazoezi. Unaweza kuiamuru irudie vipimo nane vinavyokusumbua, iongeze mwendo kidogo kila inaporudia, na ihamie ufunguo mwingine kila mzunguko. Mwimbaji akisema C iko juu kwake, unaishusha hadi A kwa kugusa mara mbili tatu. Bendi yake ni ya MIDI na baada ya muda utaizoea mpaka ujue mpiga dramu atafanya nini kabla hajafanya. Kwa mazoezi, hilo halinisumbui hata kidogo.

Ya pili ni Band-in-a-Box ya PG Music kutoka Kanada, mkongwe wa kundi hili tangu 1990. Kama unataka usindikizaji wa kuweka kwenye rekodi yako na msikilizaji asijue kwamba hapakuwa na bendi, hapa ndipo pa kutazama. Teknolojia yake ya RealTracks ndiyo ile njia ya pili niliyoieleza: wapigaji wa studio, gita lenye mlio wa vidole kwenye nyuzi, brashi kwenye dramu. Inatunga pia melodia na solo. Ipo ya Windows na ya Mac.

Kwa nini basi si ya kwanza? Skrini yake imejaa vitufe, na anayeanza hupotea. Pia inauzwa kwa vifurushi vinavyotofautiana kwa kiasi cha maudhui, na kikubwa kabisa kina rekodi ambazo hazijabanwa, kinachohitaji diski ya nje. Ushauri wangu ni huu: nunua kifurushi kidogo, fanya nacho kazi miezi kadhaa, ndipo upande. Na kila unapochagua mtindo, angalia mwendo uliorekodiwa nao. Ukae karibu na hapo.

Kabla hujalipa popote, jaribu JJazzLab. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Inasoma faili za mitindo ya vinanda vya Yamaha, ambazo ni nyingi mno. Ninachokipenda ni kwamba ubeti unaweza kupigwa kwa upole na kiitikio kikapanda nguvu, jambo linaloufanya wimbo upumue. Ipe benki nzuri ya sauti tu, la sivyo utaihukumu kwa kosa lisilo lake.

Wenye Mac wanaorekodi wana njia nyingine. GarageBand ya bure ina mpiga dramu anayejitegemea, na Logic Pro, programu ya Apple ya kurekodi, ambayo imekuwa na mpiga dramu wa aina hiyo tangu 2013, iliongezewa mpiga besi na mpiga kinanda mwaka 2024, wote wakifuata kordi ulizoziandika. Kwa mazoezi ya haraka ni mzunguko mrefu.

ChordPulse ni ndogo, nyepesi, ya Windows, na ina toleo la bure, inamfaa anayeanza. MMA (Musical MIDI Accompaniment) ya Bob van der Poel ni ya bure pia, lakini haina dirisha wala vitufe. Unaandika maandishi matupu: mstari wa Tempo 120, mstari wa Groove BossaNova, kisha 1 C, 2 Am, na kuendelea, nayo inakurudishia faili ya MIDI. Kwa aliyezoea kuandika amri hakuna iliyo na kasi zaidi.

Wapiga kinanda wa jukwaani wana hitaji lao: programu inayosikiliza kordi za mkono wa kushoto papo hapo, kama One Man Band. Hapo adui ni kuchelewa kwa sauti. Kwenye Windows hakikisha kadi yako ya sauti ina kiendeshi cha ASIO, maana bila hicho utabonyeza sasa na kusikia baadaye.

Ukipata toleo la majaribio, usipige mifano iliyokuja nayo, kwa sababu imeteuliwa ivutie. Chukua wimbo unaoujua vizuri wenye kipimo kimoja cha mapigo mawili katikati ya mapigo manne, au wenye kordi mbili kwenye kipimo kimoja. Uingize wote. Uhamishe ufunguo. Uutoe kama MIDI na kama sauti. Halafu usikilize mwisho wake: dramu zinafunga pamoja na kordi ya mwisho, au zinaendelea kupiga kana kwamba wimbo bado upo?