DVR ya kununua Tanga: ukiambiwa TB 1 inakaa mwezi, uliza sura zimekwenda wapi

Malalamiko ninayoletewa na wenye maduka wa Ngamiani na Makorora yanafanana: mwizi kaingia, kamera zilikuwa zinawaka, rekodi ipo, ila aliyemo ndani ya rekodi hatambuliki. Macho hana, pua hana. Wao wanailaumu kamera. Mimi namlaumu aliyewauzia DVR, mashine inayorekodi picha za kamera kwenye diski, kwa maneno haya: "Dada, TB 1 hii inakaa mwezi mzima."

Tupige hesabu. TB 1 ni nafasi ya diski, sawa na GB 1,000. Kamera ya 1080p ikirekodi kwa H.264, njia ya kubana video, kwa megabiti 4 kwa sekunde, inakula kama GB 43 kwa siku. Kamera 4 zinakula karibu GB 173, na TB 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Baada ya hapo mashine inaanza kufuta za zamani. Ukitumia H.265, inayotoa picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi, unafika siku 11 hivi. Sasa huo mwezi unatoka wapi? Unatoka kwenye menyu, fundi akiishusha kila kamera hadi chini ya megabiti 1. Siku zinaongezeka, sura zinafutika.

Idadi ya chaneli, yaani kamera ngapi zinaingia, sizungumzii, kila mtu anajua kuhesabu milango yake. Ninachotaka mkitazame ni neno "Lite". Boksi limeandikwa 1080p kwa maandishi makubwa, halafu pembeni, kwa maandishi ya kutafutwa na miwani, kuna Lite, au herufi N imekaa baada ya 1080. 1080p kamili ni pikseli 1920 kwa 1080. Lite ni 960 kwa 1080: nusu ya pikseli za upana imetupwa, kisha picha inavutwa ijaze skrini. Aliyeegemea kaunta utamjua. Aliyesimama mlangoni, au namba ya bodaboda iliyoegeshwa nje, sahau.

Na dukani huioni kasoro hiyo, kwa sababu picha ya moja kwa moja kwenye TV inang'aa vizuri tu. Kinachopunguzwa ni kile kinachoandikwa kwenye diski. Kwa hiyo mwambie muuzaji arekodi dakika mbili, mtu asimame mbali, kisha arudishe nyuma na kuukuza uso. Akisema diski haijafungwa, subiri ifungwe.

Chaguo langu la kwanza ni Hikvision, na sifichi kwamba naipendelea: menyu zake hazinichoshi. Lakini soma modeli. Nyingi zenye HGHI ni za Lite. HQHI inarekodi 1080p kamili, mara nyingi kwa fremu (picha) 15 kwa sekunde, na kwa duka zinatosha. Herufi moja tu, G badala ya Q, na ndiyo hiyo wanayoifunika kwa stika ya bei. Ifunge na WD Purple ya TB 2, diski iliyoundwa kuandika usiku na mchana. Kwa H.265, megabiti 2 kwa kila kamera, kamera 4 zinakupa siku 23, na watu wana sura. Ukikosa Purple, chukua Seagate SkyHawk, diski ya kazi hiyohiyo.

La pili ni Dahua. Mashine nzuri, sina ugomvi nayo, ila hapo ndipo utakapokutana na 1080N, kwa hiyo jaribio ni lilelile.

Zile zisizo na jina ni za kumtisha mwizi, si za kumkamata.

Kuna mafundi watakaokwambia usinunue diski kubwa, weka irekodi pale tu kitu kinapotikisika. Ndani ya stoo, sawa. Ila nyumba ya Raskazone yenye minazi uani na upepo wa bahari? Itarekodi makuti usiku kucha, na buibui akijenga mbele ya taa za kamera ndiyo kabisa. Tena giza linaleta chengachenga kwenye picha, na mashine iliyoachiwa ijipangie kiwango cha megabiti inazihesabu kama vitu vinavyosogea. Usiku unakula nafasi kuliko mchana.

Halafu wauzaji wetu, jamani. Bei haiandikwi, "njoo inbox". Ukienda, wanachungulia kwanza picha yako ndipo wakupangie bei. Diski ya mtumba iliyochomolewa kwenye kompyuta ya ofisi inauzwa kama mpya kwa kuwa imefutwa vumbi. Mimi nataka risiti iwe na modeli nzima na namba ya diski, si "DVR 4ch" basi. Kwa namba hiyo unaangalia kwenye tovuti ya Western Digital kama warandi bado ipo. Na nauli ya mzigo kutoka Kariakoo wanakutoza kwenye mashine, wanakutoza kwenye diski, wanakutoza kwenye kamera, na vyote vimekuja na basi moja, ndani ya mfuko mmoja.